Hatua Sitini na Mbili Kutoka Nguzo ya Kona

Kutoka nguzo ya kona ya shamba la zabibu, unaupa mlima mgongo, unahesabu hatua sitini na mbili, unasimama. Hapo ndipo alipolala mama yetu. Maelekezo haya nimeyabeba kichwani tangu nina miaka kumi na mitatu. Sikuyaandika popote, maana sikuwahi kudhani kwamba nguzo inaweza kuondoka, shamba likaondoka, na hata mlima ukafichwa na maghorofa.

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Wenye makaburi upande ule wa Mkonze wajitokeze kuyaonyesha ndani ya wiki mbili, barabara inapita. Kaburi litakaloonyeshwa litahamishwa kwa heshima. Lisiloonyeshwa litachukuliwa kuwa halipo. Mstari huo wa mwisho niliusoma mara tatu. Shule niliachia darasa la sita, lakini kusoma najua.

Tumezaliwa watatu. Baba alikufa kiangazi, mama akamfuata mvua za mwaka uliofuata. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka saba, na wa mwisho, wa kike, alikuwa hajatimiza miwili. Wakubwa waliomzika mama wote wamekwisha kufa au walihama na hatujui walikohamia. Aliyebaki anayejua mahali ni mimi peke yangu.

Sasa nikianza kuieleza Dodoma ya wakati ule, vijana wa hapa mtaani wananiangalia kama ninayetunga. Mji wote ulikuwa unaingia kichwani mwa mtoto. Ulianzia stesheni, ukapanda na barabara zilizoitwa kwa namba, ukafika sokoni, ukaisha. Baada ya hapo yalikuwa mashamba ya zabibu, uwele na mbuzi. Nilipoacha shule nilikuwa nauza zabibu madirishani mwa treni, na honi ya treni ndiyo iliyokuwa saa yetu. Ikichelewa, mji mzima ulichelewa kupika. Maji ya bomba yalikuwa na chumvi, chai yetu ilikuwa na ladha ambayo mpaka leo naitafuta kwenye chai na siipati. Mwezi wa saba upepo ulikuwa unakuja na vumbi jekundu mpaka unga ukawa na rangi. Tulilalamika kila siku. Lakini mtu akikuuliza njia ulimwambia: nenda mpaka kwenye bomba, ukiona ng'ombe wa fulani wamefungwa, kata kushoto. Na ng'ombe wa fulani walikuwepo.

Najua mji lazima ukue. Serikali ilipohamia, tulishangilia na sisi. Mdogo wangu wa mwisho amepata kazi kwa sababu hiyo hiyo, yuko Chamwino ofisini, na mimi ndiye niliyemsomesha kwa zabibu na maandazi. Siulaumu mji. Ila wakati nilipouhitaji ule wa zamani, kwa asubuhi moja tu, haukuwepo.

Nirudi kwenye kaburi. Baba alizikwa chini bondeni pembeni mwa shamba letu, wazee wakamzungushia minyaa. Mama hakuweza kulazwa karibu naye, maana siku ile korongo lilikuwa linapitisha maji. Wakampandisha juu kwenye changarawe, nyuma ya shamba la zabibu la jirani. Minyaa haishiki vizuri pale. Basi wanawake wakafanya kama ilivyokuwa ikifanywa kwetu kwa mwanamke aliyekufa akaacha nyumba yake: wakalibeba jiwe lake la kusagia, lile kubwa la chini, wakalilaza kifudifudi upande wa kichwa. Jiwe la mwanamke lilikuwa halirithiwi. Shangazi akanishika bega.

"Wewe ndiye mkubwa," akaniambia. "Rudi mpaka kwenye ile nguzo, uje unahesabu. Hizo hesabu ukae nazo."

Nikahesabu. Sitini na mbili.

Mwaka wa pili mvua haikunyesha ya maana. Jirani alitupa mtama, Mungu ambariki, lakini mashine ya kusaga ilikuwa mjini na inataka hela, na sisi hatukuwa nayo. Nikauchemsha mzima. Mimi na mdogo wangu wa kiume tukala, tukavumilia. Yule wa mwisho mtama ukamtoka kama ulivyoingia. Siku ya tatu alikuwa halii tena, ananiangalia tu. Mchana wa jua kali, watu wote wakiwa vivulini, nikachukua gunia nikapanda kule juu. Nikaligeuza jiwe, nikaliviringisha mpaka kwenye gunia, nikalivuta hadi nyumbani. Kabla ya kuondoka nilimwambia mama kwamba nitalirudisha mvua zikinyesha.

Nilisaga, nikapika uji, akanywa. Wadogo zangu niliwaambia jiwe tumepewa na shangazi.

Mvua zilinyesha. Sikulirudisha. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na baada ya miaka kadhaa likawa jiwe la nyumba, tunasagia karanga za mlenda. Nilijiambia hatua ninazo. Kila mwaka nilikwenda, nikasimama kwenye nguzo, nikahesabu. Kisha mwenye shamba akafa, wanawe wakang'oa mizabibu, wakakata viwanja. Nilipokwenda nikakuta tofali zimepangwa pale ilipokuwa kona. Tangu hapo nikawa naishia bondeni kwenye minyaa ya baba, nageukia kule juu, namsalimia mama kwa mbali. Hilo ndilo kosa langu. Ningeuliza siku ile ile, ningeweka hata chuma. Lakini kuweka alama mpya kungenilazimu kueleza alama ya zamani ilikwenda wapi.

Jumamosi ya kuonyesha makaburi wadogo zangu wakaja. Wa kiume alitoka Mtera, anakouza samaki, bado ananuka moshi. Wa mwisho alinipigia simu akiwa njiani.

"Dada, nitumie lokesheni."

"Lokesheni ya nini? Njoo mpaka kwenye bomba, utatuona."

"Bomba gani, dada?"

Bomba halipo zaidi ya miaka ishirini.

Mpimaji wa barabara alikuwa kijana mwenye heshima, kofia ya plastiki kichwani. Alikuwa na wachimbaji wawili, na mkubwa wao alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mtani wetu sisi Wagogo. Baba tulimwonyesha bila shida. Minyaa imekuwa msitu. Tukapanda juu.

"Shikamoo mama. Huyu wa pili tumtafute wapi?" mpimaji akaniuliza.

"Marahaba mwanangu. Tutafute kwanza kona ya shamba la zabibu."

Akaangalia karatasi zake. "Mama, hapa hakuna shamba la zabibu."

"Lilikuwepo."

Mdogo wangu wa kiume akasimama karibu na ukuta wa nyumba ya mtu. "Nguzo ilikuwa hapa."

"Hapo palikuwa choo cha jirani. Ulikuwa unaogopa kupita."

"Basi hapa."

Tulibishana mpaka jua likapanda. Mwishowe nikachagua mahali, nikaupa mlima mgongo, yaani nikayapa maghorofa mgongo, nikaanza kuhesabu. Nilipofika thelathini nikagundua kwamba nimeshaupita mteremko. Hatua zangu zilikuwa za mtu mzima. Zile sitini na mbili zilikuwa za mtoto wa miaka kumi na mitatu, mwenye njaa, asiye na viatu. Nikarudi, nikavua viatu, nikaanza tena kwa vihatua vifupi, kisigino karibu na kidole.

"Dada anatembea kama kifaranga," mdogo wangu wa kiume akasema. Wachimbaji wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo. Kisha nikaona uso wa mdogo wetu wa mwisho, nikaendelea kuhesabu.

Sitini na mbili. Wakachimba. Mzee mtani akapiga sururu mara kadhaa, akainuka. "Hapa hapajawahi kuchimbwa tangu Mungu aumbe dunia."

Nikasogeza nguzo kichwani mwangu, nikahesabu tena. Shimo la pili lilitoa mifuko ya nailoni na vigae vya choo. La tatu, mawe matupu. Mpimaji akawa anaangalia saa yake, lakini kwa siri, nisimwone.

Ndipo mdogo wetu wa mwisho akasema, "Lakini si kuna jiwe? Shangazi aliwahi kuniambia kabla hajafa, kaburi la mama lina jiwe lake la kusagia. Jiwe halipotei. Tulitafute jiwe."

Mdogo wangu wa kiume akaanza kuangalia chini, anageuza mawe kwa mguu. Na wachimbaji wote wawili nao. Watu wanne wakawa wanatafuta kwenye changarawe kitu nilichokuwa nimekiosha asubuhi ile ile.

"Acheni," nikasema. "Jiwe liko nyumbani kwangu."

"Nyumbani wapi?"

"Uani, karibu na karo. Ndilo lile."

"Lile la karanga?" mdogo wangu wa kiume akauliza.

"Lile."

Nikawaeleza pale pale, nimesimama peku. Mtama, gunia, jua. Sikumtaja aliyekuwa anaumwa tumbo, nikasema tu tulikuwa na njaa. Lakini mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka minane mwaka ule. Alikumbuka, akamwangalia yule wa mwisho, na yule wa mwisho akaelewa.

Ndipo yule mtani, ambaye kazi yake makaburini ni kutania, akatupa sururu chini akashika kiuno.

"Wagogo nyie! Kuomba mmeomba kila mtu, mpaka mkamaliza walio hai, mkaenda kumwomba maiti! Na yeye kwa ujinga wake wa Kigogo akatoa!"

Mdogo wangu wa kiume alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka, sijui yalikuwa ya kicheko. Mchimbaji wa pili akacheka. Mimi sikuweza. Mdogo wetu wa mwisho naye hakucheka.

"Nyie wote mna sura yake kichwani," akasema. "Mimi sina. Picha hakuna. Nilikuwa na kaburi tu, hata kama sijui liko wapi, nilijua dada anajua."

Mpimaji akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, Jumatatu greda linafika. Mimi siwezi kulizuia. Lakini ukinionyesha sehemu, popote hapa, tutachukua udongo kidogo, tutaufunga sanda, tutauzika kule karibu na mzee. Wengi tumewafanyia hivyo. Hakuna anayeuliza."

"Onyesha, dada," mdogo wangu wa mwisho akasema. "Popote. Mimi nitaamini."

Naapa niliunyanyua mkono. Nilishaichagua hata sehemu, karibu na kichaka kimoja cha mgunga kilichosalia, palikuwa pazuri. Angepata pa kuweka maua. Angelala. Nimemlea binti huyu tangu hajui kusema, sijawahi kumnyima kitu nilichoweza kukitoa, na kitu chenyewe kilikuwa kunyoosha kidole tu.

Nikaushusha. "Sijui alipo," nikamwambia. "Nimekudanganya kuhusu jiwe miaka yote hii. Sitakupa na mama wa uongo."

Alivaa miwani yake ya jua, akaenda kwenye gari. Jumapili nilirudi peke yangu na jembe. Nilihesabu kutoka kila mahali panapoweza kuwa kona, mpaka mlinzi wa nyumba ya jirani akaja kuniuliza kama mimi ni mzima. Nilichimba mashimo sita. Nilimwita. Mwanamke wa umri wangu, anaita "mama" kwenye changarawe mchana kweupe. Jumatatu greda likaja saa mbili asubuhi, likapita juu na chini, mashimo yangu yote yakajaa kwa dakika chache.

Baba tulimzika upya makaburi mapya, kwenye mstari ulionyooka, na namba. Ubavuni kwake nafasi imeachwa. Barabara imeshawekwa lami, laini kweli, magari hayafanyi hata kelele. Kila nikipita juu yake naona vibaya kukanyaga, na sijui ni wapi hasa nisikanyage.

Mdogo wangu wa mwisho hakuja kwa muda. Alituma ujumbe wa salamu tu, "Shikamoo dada," kama unavyomwandikia mtu wa ofisini. Kisha siku moja mchana akaja bila kupiga simu, na nguo za kazi, akapita moja kwa moja mpaka uani. Jiwe lilikuwa pale karibu na karo, lina maganda ya karanga. Akayafuta kwa kiganja. Akachuchumaa, akauingiza mkono kwenye lile bonde la katikati, pale panapoliwa na miaka ya kusaga, akaupeleka mbele na kuurudisha, taratibu, kama anayesaga.

"Hili bonde," akaniuliza, "amelichimba mama au wewe?"

Niliwaza kumwambia ni mama. Lakini mama alilisagia miaka kama kumi na tano, tangu alipoolewa mpaka alipokufa. Mimi nimelisagia zaidi ya thelathini. Kama mkono wake uliacha kitu humo, wangu umeshakipitia mara nyingi mno.

"Sijui," nikasema. "Upande wa chini pengine ni yeye. Juu ni mimi."

Alibaki amechuchumaa. Nikamletea kigoda, hakukikalia. Chai nilimwekea pembeni ikapoa. Hakuutoa mkono.