Mimi na Rungu Langu Makumbushoni

Aibu hii nimeinyamazia vya kutosha, na kwa vile mke wangu anaisimulia vibaya kila tukipata wageni, bora niiseme mwenyewe.

Mimi ni kinyozi hapa Msambweni. Siku moja akaja mchoraji kunyolewa, akanitazama sana kwenye kioo, akasema anatayarisha michoro ya maisha ya marehemu mzee wetu aliyepigania haki za raia enzi za mkoloni, na sura yangu anaihitaji. Akanipa mpini wa ufagio niunyanyue juu, nikunje uso. Mwenye akili angeuliza, "Nachorwa nikiwa nani?" Mimi sikuuliza (nilishajua, mzee anahutubia umma na fimbo yake mkononi!).

Nikatangaza mji mzima. Na wakati ule nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Mwanatumu, jawabu bado, baba yake, Mzee Hamisi, ana wasiwasi nami, basi nikaona dawa ni hiyo: nikawachukua yeye, mkewe na binti yao mpaka makumbusho kule Diani, nimevaa kanzu mpya, nikawapitisha mbio picha za utotoni na za shule, "Twendeni, twendeni, mimi niko mwisho."

Kweli nilikuwa mwisho. Picha kubwa kama mlango: mzee wetu yuko chini, amejishika kichwa, na juu yake askari wa mkoloni amenyanyua rungu, meno nje, na pengo langu lipo.

Watu wakaitazama picha, kisha wakanitazama mimi.

"Huyu siye weye?" akauliza mama mkwe (mtarajiwa, na pale nikaona hata huo utarajiwa umekwisha).

"Ni mimi, mama, lakini simpigi. Namwinua."

"Kwa rungu?" akasema Mzee Hamisi, akageuka kuelekea mlangoni.

Bibi mmoja nisiyemjua akanichapa mgongoni kwa mkoba wake. "Huna haya weye! Mzee wa watu alikukosea nini?" Nilitamani kulia, wallahi.

Ndipo Mwanatumu, aliyekuwa bado ameikodolea picha macho, akaita, "Baba, hebu rudi utazame alivyolishika hilo rungu. Kidole cha mwisho kiko juu, kama ashikavyo mashine yake. Huyu hapigi mtu, anamnyoa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Hamisi akarudi, akainama, akakitazama kidole, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na Ijumaa jawabu la posa likaja.

Nimeapa sichorwi tena kabla ya kuuliza mimi ni nani. Na nyumbani nikithubutu kupandisha sauti, Mwanatumu ananyanyua tu kidole chake cha mwisho, nami nanyamaza.