Kufuli la Mtu wa Tano

Kwa miaka kumi na mmoja mzee huyu amewafundisha watu wa mtaa wetu kazi ya laini za umeme, na miaka yote hiyo mimi, mtunza stoo, nimemsikia akipiga kelele zile zile: "Kila fundi na kufuli lake, ufunguo mfukoni mwake!" Swichi ikizimwa, kila anayepanda nguzo huifunga kwa kufuli lake, asije mtu akaiwasha mwenzake akiwa juu. Tunamwita Mwalimu Kufuli. Mkewe anasema hata nyumbani haachi kuwagombeza watoto kwa habari za swichi.

Mwaka huu makao makuu walituma barua: wasipofaulu wenyeji watano, mafunzo yanafungwa na mafundi wataletwa kutoka mbali. Barua wanajua kutuma! Watahiniwa tulikuwa nao watano kamili. Niliomba makufuli matano, mara tatu. Yakaja manne.

Siku ya mtihani msimamizi alifika saa nne badala ya saa mbili, halafu eti yeye ndiye mwenye haraka. Nguzo tano, laini moja, wote wapande pamoja. Wanne walifunga swichi nyuma ya banda, wakapanda. Wa tano, mama tuliyemwita Mama Pasi kwa kuwa alikuwa akitengeneza pasi sokoni, alibaki chini.

"Sina kufuli," alisema. "Mmoja akishuka, nitachukua lake."

"Hakuna muda. Swichi si imefungwa? Panda!"

"Imefungwa na wenzangu, bosi. Mimi bado."

Msimamizi akamgeukia Mwalimu. Nilijua mzee wangu atamchana. Wapi! Alinywea.

"Panda tu, mwanangu. Watano, unaelewa? Usiniangushe."

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha?"

"Nimesema panda!"

Hakupanda ng'o. Walibishana pale mpaka nikatamani kuwafungia wote stoo. Wale wanne wakamaliza, wakashuka, wakaenda nyuma ya banda kufungua makufuli yao. Wa mwisho kutoa lake, kama alivyofundishwa, akawasha swichi.

Taa ya majaribio juu ya nguzo ya tano ikawaka, nyekundu: umeme umefika.

Mwalimu aliitazama taa, akamtazama Mama Pasi, akakaa chini mchangani na suruali yake ya heshima. Msimamizi alikuwa bado anaandika.

"Nimeshaweka sifuri," alisema. "Hakupanda. Fomu haina sehemu ya maelezo."

Nilimchukia mtu yule, Mungu anisamehe.

"Basi andika na jina langu," Mwalimu alisema. "Angenisikia, sasa hivi tungekuwa tunamshusha kwa kamba. Aliyefeli hapa ni mimi."

Kalamu ikasimama. Mama Pasi hakuwasubiri. Alikwenda nyuma ya banda, akachukua kufuli kwa mwenzake, na taa ikazimika. Aliporudi alipapasa mfuko wake, akavaa mkanda.

"Bosi, weka saa," alisema. "Sasa napanda."