Siku mama alipopanda paa la duka lake

Wakuu, salamu kutoka Nyamira. Sijaongeza chumvi hapa, mama ni wangu na duka nililijua hadi harufu yake.

Miaka ya sitini mama alikuwa fundi wa nguo Nyansiongo. Chumba kimoja cha mabati, cherehani ya miguu. Uniform za shule, nguo za kanisani, zote kwake. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai Kericho, anakuja mwisho wa mwezi.

Mama alikuwa anaimba akishona. Ungedhani analipwa kuimba.

Basi upepo ukang'oa bati, mvua iko njiani, na vitambaa vya watu vimejaa ndani. Akamwomba shemeji yake ampandie. Akaambiwa kesho. Mnaijua hiyo kesho.

Akapanda mwenyewe na nyundo.

Vijana wa humu labda hamjui: kwetu mke hapandi paa mumewe akiwa hai. Ni kama kumtakia kifo.

Mteja wake mmoja akasimama barabarani, akapaza sauti: "Bibi ya mtu iko juu ya nyumba! Kwani bwana yake alikufa lini?"

Nguo hazikulowa. Lakini wenyewe walikuja kuzichukua, hata ambazo hazijaisha. Baba aliporudi akacheka tu. "Wewe shona." Nampenda mzee kwa hilo mpaka leo.

Mwaka uliofuata baba akaugua kifua, akafa. Kifua, wakuu! Kule kambini kwao kwenye chai kilikuwa kinaua watu ambao wake zao hawajawahi kushika hata ngazi.

Matangani hakuna aliyemshtaki mama usoni. Hakukuwa na haja, alikuwa ameshajihukumu mwenyewe.

Akauza cherehani, akarudi kwa jembe. Kuimba pia kukaisha.

Nilipopata kazi, miaka ya sabini, nikamnunulia cherehani mpya, najiona mwanaume kweli kweli. Akalizungusha gurudumu kidogo, akatabasamu. Kisha akaniambia kwa Kikisii, taratibu:

"Mwanangu, nimebaki na wewe peke yako. Unataka nikuue na wewe?"

Nililia kama mtoto.

Tunapenda kusema mama zetu hawakuwa na akili ya biashara. Wangu alikuwa nayo, na mikono pia. Maneno ya watu yalimwingia mpaka yakawa sauti yake mwenyewe, na hiyo hakuna mkopo unaoitibu.

Kama mama yako aliacha kazi aliyoipenda, tuambie hapa chini ni neno gani lilimwachisha. Nitasoma yote.