Ukuta wa Rispa na Taa za Javan

Siku hizi mtu akining'iniza balbu juu ya meza anaona ameshawasha nyumba. Karungu yetu ya ufuoni, miaka ya sitini, ilijua kwamba kuna kuwasha na kuna kupamba, na waliotufundisha tofauti hiyo ni Javan, fundi bati, na mkewe Rispa. Wengi humtaja Javan peke yake. Wanakosea.

Javan alichukua debe tupu, akalikata, akalikunja, kisha akalitoboa vitundu kwa nyundo na msumari mpaka likawa kama wavu. Alipoivisha nalo taa ya chemni, ukutani pakamwagika samaki, majani ya mtama, mawimbi. Lakini mwanga unataka pa kuangukia. Ukuta wenye masizi huumeza kama mchanga unavyomeza maji. Hapo ndipo palipokuwa pa Rispa. Alikanda samadi na majivu, akakandika, akasugua kwa kokoto mpaka ukuta ukawa laini kama kibuyu cha maziwa, ndipo akapaka udongo mweupe aliouchimba kwao Ndhiwa. Watu walimwita Nyar Ndhiwa, yaani binti wa Ndhiwa, naye akaliitikia jina hilo kichwa kikiwa juu.

Hawakuuza taa kama watu wanavyouza dagaa wa omena. Ukiagiza, walikuja kwako jioni, wakaketi kwanza. Javan anatazama mzee hukalia wapi na mama hupikia wapi. Rispa anapapasa kuta.

"Mlangoni tuache giza kidogo," Javan angesema. "Mgeni apate pa kupangusia uso kabla hajaonekana."

Mama yake Javan, Benta, alikuwa na jicho moja bovu. Taa yake ilitobolewa upande mmoja tu, ule wa jicho zima, ili lile bovu lipumzike.

Ratemo, Mkisii aliyekuwa na duka pale sokoni, siku moja alikuja akifoka. "Javan, ichukue taa yako! Tangu uniwekee, mke wangu ameniona nilivyo na sura mbaya."

"Na wewe je, umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi taa yenyewe iko wapi niichukue?"

"Ah," Ratemo akasema, "nimeiacha nyumbani. Nani aondoe taa kama ile?"

Hivyo ndivyo walivyoishi. Watoto Mungu hakuwapa, lakini jioni nyumba yao ilijaa watu waliokuja tu kukaa. Mle ndani hata wagomvi walizungumza kwa sauti ya chini.

Mwaka wa sitini na nne, ziwa likiwa bado limefura kwa zile mvua kubwa za miaka ya Uhuru, Javan na wenzake walipeleka taa kisiwa cha Mfangano kwa mashua. Wakirudi, upepo uliwapindua. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye hakuonekana. Ukoo ulimtafuta kila ghuba, kila kichaka cha matete, ukarudi mikono mitupu.

Kwetu Waluo aliyemezwa na ziwa haachwi bila kaburi. Wazee hutafuta yago, lile tunda refu, zito kama gogo, wakalivika nguo za marehemu, wakalizika na kulililia kama mtu. Likishafunikwa, neno limekwisha.

Rispa alikataa.

"Mume wangu si tunda," aliwaambia. "Ziwa likichoka naye litamtoa. Akija, akute pake pa kulala panamngoja, si kaburi la mwingine."

Kila magharibi aliwasha taa, na samaki wale wa mwanga wakaenea ukutani. Benta alikuja akaketi naye. Waliokuja kumshawishi walikaa chini ya mwanga ule, wakawatazama samaki wale, wakaaga.

Kisha mvua za kupanda zikaanza. Javan ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na kwa desturi yetu mbegu ya kwanza hutoka nyumba ya mkubwa, ndipo wadogo wafuate. Tena nyumba yenye marehemu asiyezikwa haigusi mbegu. Kwa hiyo boma zima likaketi, majembe yameegemea ukuta, huku Karungu nzima ikipanda.

Paul, mdogo wake Javan, alikuja jioni moja akasimama mlangoni.

"Shemeji, nimepita shamba la Mzee Cephas. Mahindi yameshachungulia."

"Nimeyaona."

"Watoto wangu hawali vitundu vya bati, shemeji."

"Paul!" Benta akamkemea. "Chunga huo mdomo."

"Niuchungie nini, Mama, na hauna cha kutafuna?"

Rispa akamgeukia mama mkwe. "Na wewe Mama, unasemaje?"

Benta aliitazama taa. "Mimi ningemngoja mpaka meno yangu yaote upya, mwanangu. Lakini sikumzaa yeye peke yake."

Basi Rispa akakubali. Jumamosi ya kabla ya Pasaka, yago ilivikwa koti la Javan la kanisani, ikazikwa upande wa kulia wa nyumba. Mtu akauliza kama taa nayo iwekwe kaburini.

"Tunda halina macho," Rispa akajibu. Akaingia ndani.

Baada ya matanga alishika jembe, akatia mbegu ya kwanza. Paul akafuata, na wengine nyuma yake.

Mahindi yalipofika magotini, alikuja Nyamhanga, Mkuria wa Kegonga aliyefanya biashara ya tumbaku ng'ambo ya mpaka. Nyumbani kwake kulikuwa na taa ya Javan. Hakukaa vizuri kwenye kiti. Alitoa mfukoni kipande cha bati, akampa Rispa. Kilikuwa kimetobolewa samaki nusu, mkia haujamalizika.

"Mama, hii ni kazi ya nani?"

"Unaijua ni ya nani. Umeitoa wapi?"

"Shirati, ng'ambo huko. Walimwokota mtu ufuoni, hana wa kumtaja. Hii ilikuwa mfukoni mwake. Walimzika palepale, mama, kwa heshima, nisikudanganye."

"Lini?"

"Wanasema Jumatatu ya Pasaka."

Rispa alipiga ukelele mmoja tu, boma zima likaja mbio.

Wazee waliitwa. Rispa aliwapigia magoti, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti ila kanisani. Aliomba yago ifukuliwe, Javan aletwe alale kwake.

Mzee Cephas, aliyekuwa mkubwa wao, alitikisa kichwa. "Mtu hazikwi mara mbili, Nyar Ndhiwa. Tukilifungua kaburi lile, litataka mwingine aliye hai wa kulijaza. Utamtoa nani? Na yule wa Shirati ameshapewa udongo. Mwache."

"Wazee," Paul akasema, machozi yakimtoka, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemharakisha."

"Njaa haina kosa," Mzee Cephas akamjibu. "Keti chini."

Nyamhanga alimpeleka Rispa Shirati. Bibi mmoja Mkuria aliyeishi huko alimwonyesha tuta, limefagiliwa vizuri chini ya mlima wa mawe. Walilia pamoja, ingawa hawakuwa na lugha moja ya kulilia. Rispa alilala kwa bibi yule, penye koroboi linalofuka moshi, na kabla ya kuondoka alimkandikia ukuta mmoja. Bibi alidhani ni shukrani. Pengine ilikuwa hivyo.

Mwaka ule mahindi yalistawi kuliko miaka yote iliyotangulia. Rispa alivuna, akasaga, akawapikia watoto wa Paul mpaka wakasahau njaa, na kila mtu akasifu unga wake. Yeye alikaa pembeni akila mihogo. Benta, kwa jicho lake moja, alimwona, akamsogezea bakuli la ugali. Rispa alilirudisha taratibu.

"Kula, mwanangu."

"Wewe kula, Mama. Mimi najua nilichoununulia unga huu."