Mikate Imebaki, Sikukuu Imeliwa

Birthe Lodberg alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha minofu ya samaki bandarini Thyborøn. Jioni za Jumatano alivaa sare ya walinzi wa kujitolea, akapanda vilima vya mchanga, juu ya mahandaki ya saruji ya vita vya zamani, kuangalia meli zinazopita Bahari ya Kaskazini. Kwa kazi hiyo ya pili hakulipwa, wala hakudai. Kwamba nchi inahitaji kulindwa, alilijua kabla ya mawaziri.

Ndiyo maana Serikali ilipoifuta Sikukuu ya Maombi, ile Ijumaa ya majira ya kuchipua, ikisema jasho la siku hiyo litagharimia ulinzi, aliona ametukanwa. Vita vya Ukraine vilikuwa vya kweli, na hofu ilikuwa ya kweli. Lakini kwa nini wa kwanza kukamuliwa awe yule aliyeshika kisu tangu alfajiri, ilhali wenye faida nono hawaguswi? Ngao inayonunuliwa kwa kumpokonya mtu pumziko lake, tena bila ridhaa yake, inamkinga nani?

Zamani waokaji hawakufanya kazi siku ya maombi. Hivyo watu walinunua mikate ya iliki Alhamisi, wakaipasha moto na kuila kwa siagi. Mwaka wa kwanza bila sikukuu, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa hiyo, Preben, mkuu wa kiwanda, alileta trei nzima kantini, akichekelea kama bwana harusi.

"Kula, Birthe. Mila zetu hizi."

"Mila gani, Preben? Mikate imebaki, sikukuu imeliwa."

Meza nzima iliangua kicheko. Birthe akaongeza kwamba kesho hatakuja. Preben akamwinamia na kumkumbusha kuwa msimamizi anayetoroka zamu hubaki msimamizi wa nyumbani kwake.

"Na Warusi wakitua hapa," akasema kwa sauti, wote wasikie, "utawarushia mikate?"

"Wakitua, mimi ndiye nitakayewaona. Wewe utakuwa umelala, bwana."

Ijumaa asubuhi alikwenda kanisani. Mchana alivaa sare na kupanda vilimani, ingawa haikuwa zamu yake.

Jumatatu alikuta koti lake la usimamizi limevaliwa na mwingine. Alichukua kisu, akaingia kwenye mstari wa wachunaji wa samaki, nao wakamsogezea nafasi.

Mwaka uliofuata Preben alileta tena trei ya mikate kantini. Ikapoa mezani, ikarudi jikoni kama ilivyokuja.