Herufi Zilizonona

Juzi nilipita mbele ya duka la keki mjini, nikaduwaa. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi nene, za mviringo, zimeshiba hasa, zinakaribia kucheka. Rafiki yangu, herufi za namna ile mimi nilizijua kabla hawa wenye kompyuta hawajazaliwa!

Enzi zile za ujamaa, kijijini kwetu karibu na Kintinku, chaki ilikuwa adimu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima akawaambia kina mama wafinyange herufi ukutani kwa udongo na samadi, kama walivyozoea kukandika nyumba zao. Sisi wasichana tulichota maji na kukanyaga udongo. Vidole vya kukandika havijui wembamba, kwa hiyo herufi zilitoka na matumbo. Jioni, harufu ya mlenda ikitufikia kutoka majikoni, bibi yangu alibaki ukutani akizipapasa, maana macho yake yalikuwa yamefifia. Alisoma kwa vidole. Kwangu ule ulikuwa muujiza, na hata leo naona hivyo.

Basi zikaenea kijiji kizima. Zilipendeza dukani, zilipendeza kwenye zahanati, hata lango la zizi la jirani yetu lilipata zake. Ubishi ulizuka zilipotakiwa kaburini.

Babu alikuwa amefariki kabla ya darasa kuanza. Msalaba wake uliandikwa kwa rangi, herufi nyembamba kama sindano, na bibi hakuweza kuziona wala kuzihisi. Akaomba jina la mumewe lifinyangwe juu ya kaburi. Katekista akaja nyumbani kukataa.

"Shikamoo mama. Zile ni herufi za dukani, zinachekacheka. Marehemu tumfanyie mzaha?"

"Marahaba mwanangu. Zako za msalabani sizioni. Nami nataka kumsoma mume wangu kabla sijafa."

Katekista akakunja mikono ya shati, akauliza udongo uko wapi.

Ulipokauka tulimpeleka bibi. Alipiga magoti, kidole kikaanza kuzunguka kila herufi, taratibu. Lazima nikueleze kwamba wanawake wa umri wake hawakuwataja waume zao kwa majina. Tangu aolewe, bibi alimwita babu kwa jina la mtoto wao wa kwanza, baba fulani, basi. Siku ile alilitamka jina lenyewe, silabi kwa silabi, kwa sauti. Kina mama wa kisomo walishika vinywa. Akalirudia, sasa bila kukwama.

Mvua zilizila herufi zile. Ukuta wa kisomo ulianguka, watu wakahamia barabarani, na kaburi lenyewe silitambui tena. Ila nilimsikia bibi akimwita mumewe kwa jina, na tangu hapo sijamsikia mtu akiitwa kwa upendo wa namna ile.