Nilimtilia mke wangu ngano kwenye uji kwa siri, nikiamini haumwi kweli

Wakuu, habari za mchana na poleni na majukumu.

Haya yametokea nyumbani kwangu, hapa Kilwa Kivinje, na mwenye makosa ni mimi mwenyewe. Mtu hatungi uongo wa kujiaibisha, kwa hiyo niaminini tu.

Mimi ni fundi wa friji. Wateja wangu wengi ni kina mama wauza samaki. Kazi hii imenizoesha kuamini kipimo. Tester ikisema umeme hakuna, basi hakuna, hata ubishe vipi.

Sasa mke wangu, Somoe, ambaye namwita Mama Shaibu kwa jina la mtoto wetu, alianza kuumwa tumbo. Akila, baada ya saa mbili tatu tumbo linajaa kama la mjamzito. (Majirani walishatupongeza mara mbili. Mara zote mbili nilipokea pongezi kwanza, ndipo nikaenda kumuuliza mwenyewe.)

Mara aharishe, mara asipate choo kabisa. Viungo vinamuuma, kichwa kizito, mpaka anasahau chumvi kwenye mchuzi.

Tukaanza kuzunguka hospitali. Malaria negative. Typhoid negative. Vidonda vya tumbo negative. Choo safi, ultrasound safi.

Mwisho tukaenda Lindi mjini. Daktari wa pale, mama mmoja wa makamo, akachukua damu ikapelekwa Dar kupimwa celiac. Hiyo ni hali ambayo mwili unajishambulia kwa sababu ya gluten, ile protini iliyomo kwenye ngano.

Majibu yakarudi. Negative.

Wakuu, mimi kichwani nikafunga kesi palepale. Huyu mwanamke haumwi, ana mawazo tu.

Daktari hakufunga. Akamwambia Somoe, "Majibu haya hayasemi kwamba unajifanya. Yanasema haya tuliyopima huna. Wapo watu ngano inawasumbua na damu haioneshi chochote. Hao tunawajua kwa kuacha na kurudia."

Akampa utaratibu: aache ngano yote wiki sita, aandike kila anachokula na anavyojisikia, kisha arudi kwake ili wairudishe kidogo kidogo wakiangalia.

Somoe akanunua daftari. Chapati, maandazi, tambi, mkate, vyote kwaheri. Tukahamia kwenye ugali wa muhogo, wali, mihogo ya kuchemsha na samaki.

Wiki ya pili bado anaumwa. Mimi nachekea pembeni. Kumbe alikuwa anakula vitumbua vya jirani akijua ni mchele mtupu. Akaenda kumuuliza, jirani akasema, "Natia na ngano kidogo ili vishikane." Vitumbua navyo vikaachwa.

Wiki ya nne mke wangu akapona. Namaanisha amepona. Tumbo limelala, anafua huku anaimba, anakumbuka nilimwahidi kitu gani mwezi gani. (Hili la mwisho sikulipenda sana.)

Mwanaume mwenye akili angeshukuru Mungu. Mimi nikaanza kumwita "mgonjwa wa kizungu." Nikamwambia bibi yangu kala chapati mpaka kazeeka.

Siku moja akanijibu, "Baba Shaibu, lile friza la mteja wako Mama Zuhura ulilipima mara ngapi ukasema halina ubovu, na samaki wakaendelea kuoza?"

Ilikuwa kweli. Lile friza lilikuwa linazima likishapata joto tu, na mimi nilikuwa nalipima limepoa. Lakini kwa ubishi wangu nikaona nimetukanwa kwenye fani yangu.

Basi nikaamua kumpima mimi.

Jumapili Somoe yuko kwa shoga yake. Nikachukua kopo la unga wake wa uji, mahindi na ulezi, nikamimina vikombe viwili vya ngano, nikachanganya vizuri, nikafunga. Nikajisemea atakunywa siku tatu nne asiumwe, halafu nitamwambia, tucheke, twende tukale chapati.

Jumatatu akanywa. Jioni kimya. Nikajipongeza.

Jumanne tumbo likajaa. Jumatano hawezi kuinuka bila kushika ukuta. Na mimi ninayejua sababu naendelea kumletea kikombe cha uji kitandani, nasema "jikaze unywe, upate nguvu." Kusema kweli nilikuwa bado najidanganya kwamba ni hewa mbaya tu.

Alhamisi mchana nikarudi kula. Namkuta uani, macho yamevimba kwa kulia, anasukuma chapati. Ziko sita tayari, mafuta yanachemka.

Nikamuuliza, "Mama Shaibu, vipi tena?"

Akasema, "Ulisema kweli. Si ngano. Sijaigusa ngano mwezi mzima na angalia nilivyo. Nimekusumbua bure. Leo tule wote, na lile daftari nimeshalitupa motoni."

Wakuu, hasemi kwa hasira. Anasema kwa kukata tamaa, kama mtu anayeomba radhi kwa kuumwa. Akakata kipande cha chapati, akakiinua mdomoni.

Nikamshika mkono. "Usile."

"Kwa nini?"

"Kopo la uji. Nilitia ngano."

Akakiweka kile kipande chini. Mafuta yakaanza kutoa moshi, hakuna aliyeshughulika nayo.

"Vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Siku gani?"

"Jumapili."

Akahesabu kwa vidole. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Halafu akakaa chini akalia, nikajua ndoa imeisha. Kumbe analia huku anasema, "Kwa hiyo sina wazimu. Kwa hiyo sina wazimu."

Aliporudi kwenye akili zake ndipo nilipopewa dozi yangu. Sitaiandika hapa, mods wataifuta.

Daktari tulipomweleza hakucheka hata kidogo. "Angekuwa na mzio mkali wa ngano, leo ungekuwa unanieleza habari nyingine. Na umemharibia na utaratibu niliompa." Tukaanza upya, safari hii Somoe mwenyewe akijua, na ngano iliporudishwa maumivu yakarudi vilevile. Hapo daktari akakubali rasmi kwamba ni ngano.

Mama mkwe akaja kutoka Milola. Nikampa shikamoo, akachelewa kuitikia marahaba mpaka jasho likanitoka. Kisha akasema, "Mkwe wangu, mimi nilikuozesha binti. Kuku wa kujaribia dawa wanauzwa mnadani."

Nilichojifunza: kipimo kinajibu swali ulilokiuliza, hakijibu mengine. Mtu wako akisema anaumwa, mwamini kwanza, mengine fuatilieni kwa daktari. Na ndugu zangu mnaojihisi hivi, msiache ngano kabla ya kupima celiac, daktari anasema damu inaweza kudanganya. Na yule mwenye mawazo kama yangu ya kutia vitu kwenye makopo ya watu, AACHE.

Jana nilijaribu kumpikia chapati za unga wa muhogo. Zilikatika zote, nikamwekea vipande vipande kwenye sahani kama kuku wa kukaanga. Alikula mpaka akamaliza, akapangusa mikono, akasema, "Ladha hakuna, Baba Shaibu. Kesho upike tena."

Karibuni mnishambulie, nimejiandaa. Ila mwenye kujua namna ya kufanya unga wa muhogo ushikane bila ngano, naomba aanze yeye. Ile kesho aliyoisema ndiyo leo.